Alizeti fupi pembeni ya nyumba: tuanze upya, mara hii bila kitalu



Mu musimu uliopita wengi wenu mulipokea mbegu za alizeti fupi, ile ambayo huku kwetu tunaita turnesoli. Mulipanda. Maua yalitoka, yalipendeza, watoto walifurahi. Lakini wakati wa mavuno, mulipopasua mbegu kwa meno, ndani hamukuwa kitu. Mama mumoja alituletea kichwa kizima ndani ya kikwembe, akakiweka juu ya meza mbele yetu, akasema: «Angalieni wenyewe. Iko na kichwa, iko na mbegu, lakini ndani hakuna kitu. Na pale nilitoa maharagi juu ya kupanda hii.»

Neno lile lilituuma. Tulifunga vitabu, tukaenda kutembelea bustani moja kwa moja. Mbele ya kuandika jambo lingine, tunapenda kusema wazi: sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu sisi tunaowashauri. Tunaomba radhi kwa wale wote waliopoteza nafasi ya maharagi. Na makala hii tunaiandika ili musimu huu usiwe kama ule.

KOSA LILIKUWA WAPI

Makosa yalikuwa mawili.

La kwanza: tuliwafundisha kulea miche ya alizeti mu kitalu na kuihamisha, sawa vile tunafanya kwa shu na nyanya. Alizeti haipendi hivyo. Muzizi wake wa kwanza unashuka moja kwa moja chini, hata wakati majani yangali mawili tu. Ukiung'oa, muzizi ule unakatika ao unajikunja, na muti haupati tena nguvu yake. Tena mvua ilichelewa, miche ikakaa kitaluni majuma matano. Ilipofika mu bustani ilikuwa imekwisha kuchoka. Ikatoa maua ingali chini ya goti, na vichwa vidogo kama kifuniko cha bidoni.

La pili: wakati viwavi vilitokea, tulisema mupige dawa. Hatukusema kwamba wakati wa maua haipigwi. Wengi walipiga asubuhi saa tatu, saa ile ile nyuki wako kazini. Nyuki walikufa ao walikimbia, na bila nyuki kichwa cha alizeti kinajaa maganda matupu.

Tulijuaje? Kwa yule mama wa kikwembe. Nyuma ya jikoni yake, pahali anapomwaga majivu na taka za nyumba, tulikuta miti saba ya alizeti ambayo hakuna mutu aliipanda. Mbegu zilianguka tu siku ya kugawa. Miti ile haikuhamishwa, haikupigwa dawa. Vichwa vyake vilikuwa vizito, vimeinama, mbegu zimejaa kabisa. Ile miti saba njo ilitufundisha mengi ya haya tunayoandika hapa.

ALIZETI FUPI NI YA KUFANYA NINI?

Kuna alizeti ndefu, inayopita urefu wa mutu, na kuna fupi, inayosimama kati ya santimetri 40 na 90. Zote ni za ukoo mumoja. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji wa kule walianza kuilima zaidi ya miaka 4.000 iliyopita. Ni mumea wa musimu mumoja: inaota, inatoa maua, inakomaa na kufa, yote ndani ya miezi mitatu ao mine. Mwaka unaofuata unapanda tena kwa mbegu.

Ile fupi inafaa parseli ya nyumba kwa sababu upepo hauiangushi kwa urahisi, haiombi kutegemezwa na fimbo, na haifuniki mboga kwa kivuli kikubwa. Tena inachungwa na macho ya watu wa nyumba. Siku hizi wengi wetu shamba la mbali hatufiki tena, ao tunafika kwa woga. Kinachobaki ni kile kipande kati ya mulango na uzio. Kipande kile kisipotezwe tena.

Musingoje mafuta mengi. Tuhesabu pamoja. Wenzetu wa Tanzania, kule Singida na Dodoma, wanalima alizeti juu ya mashamba makubwa. Na kule Tanzania, mu miaka ya 1980, njo ilitengenezwa ile mashini ndogo ya kukamua kwa nguvu ya mukono, yenye fimbo ndefu ya chuma, iliyosaidia vijiji visivyo na umeme. Lakini hata kwa mashini ile, litri moja ya mafuta inaomba kilo 4 ao 5 za mbegu. Bustani ya mita 3 kwa 3 haifiki pale kwa urahisi. Mutu akiwaambia kwamba alizeti ya pembeni ya nyumba itaondoa mawese jikoni, anawadanganya.

Faida yake iko pengine:

– Mbegu zilizokaangwa ni chakula chenye mafuta na proteini. Mutoto anakula akienda masomo.
– Kuku wanazila vizuri, pamoja na mahindi.
– Nyuki wanakuja, na wakiisha kuja wanatembelea pia maboga na matango yenu. Wenye mizinga wanajua maana yake.
– Mulimaji anajifunza juu ya miti 60 mbele ya kutoa nusu ya hekta. Hii kwetu njo faida kubwa kuliko zote. Kosa la miti 60 linasahaulika. Kosa la shamba zima linaleta njaa.

MBEGU: ANGALIA MBELE YA KUPANDA

Mu miji yetu mbegu fupi zinauzwa ndani ya pakiti zenye picha nzuri. Si zote zinafaa. Angalieni picha na kusoma maandishi, ao mupatie mutoto anayesoma Kifaransa awasomee.

Kama ua la picha limejaa manyoya ya manjano mupaka katikati, sawa pamba, hilo ni la kupamba. Ile inayoitwa Teddy Bear iko hivyo. Ni nzuri mbele ya nyumba, lakini mbegu zake ni chache.

Kama pakiti inasema ua halina unga, mbegu ile ilitengenezwa kwa watu wanaouza maua ya kukata. Peke yake haizai vizuri, inahitaji unga wa alizeti nyingine.

Ile inayotufaa ni yenye duara pana katikati, la rangi ya kahawa ao nyeusi, na majani ya manjano pembeni tu. Mufano ni Sunspot, ambayo muti wake ni mufupi na kichwa chake ni kikubwa.

Kama imeandikwa F1, mutavuna vizuri mara ya kwanza, lakini mbegu mutakayoweka haitafanana tena na mama yake: mingine itakuwa mirefu, mingine mifupi, mingine itazaa kidogo.

Na jambo moja la hatari: mbegu yenye rangi nyekundu, bluu ao ya waridi imepakwa dawa. Haikaangwi, haipewi kuku, na baada ya kuishika munanawa mikono kwa sabuni.

Kisha mujaribu uhai wa mbegu. Mutwae mbegu 10, muzifunge ndani ya kitambaa kibichi, muweke pahali pa joto jikoni, mbali na moto, na kukilowesha kila siku. Nyuma ya siku saba muhesabu. Zikiota 8 ao zaidi, mbegu ni nzuri: 2 kwa kila shimo zinatosha. Zikiota 5 mupaka 7, mutie 3 kwa kila shimo. Chini ya 5, musipoteze nguvu ya jembe.

WAKATI WA KUPANDA

Hesabu inaanza mwishoni. Alizeti inapenda mvua wakati inakua, na jua kavu wakati inakomaa. Kichwa kinachokomaa ndani ya mvua kinaoza. Aina fupi nyingi zinaomba siku 80 mupaka 100. Huku juu ya milima, ambako usiku ni baridi, muongeze majuma mawili ao matatu.

Kwa walimaji wa Kivu, musimu B njo unafaa zaidi: kupanda tangu mwisho wa mwezi wa pili mupaka katikati ya mwezi wa tatu, ili mavuno yaangukie mwezi wa sita, wakati kiangazi kinaanza. Mu musimu A inaota vizuri pia, lakini mavuno yanakutana na mvua, na mutalazimika kukausha vichwa chini ya paa. Kwa wale wa Katanga, ambako mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi na moja, kupanda tangu mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mupaka katikati ya mwezi wa kwanza kunaleta mavuno mvua ikiwa inamalizika.

PAHALI NA UDONGO

Jua kwanza. Alizeti inaomba saa 6 mupaka 8 za jua kila siku. Chini ya migomba ao muvokado itatoa shingo ndefu na kichwa kidogo.

Lakini si jua la saa yoyote. Muti mudogo unafuata jua: asubuhi unaangalia mashariki, jioni magharibi. Ua likiisha kufunguka, muti unaacha kuzunguka na kubaki umeangalia mashariki. Watafiti waliochapisha kazi yao mu gazeti la Science mwaka wa 2016 walionyesha sababu: kichwa kinachopokea jua la asubuhi kinapata joto haraka, na nyuki wanakipenda. Vichwa vilivyogeuzwa kuangalia magharibi vilitembelewa na wadudu mara tano chini ya vile vya mashariki. Kwa hiyo muchague upande wa parseli ambao nyumba ya jirani haizuizi jua la asubuhi.

Udongo usisimamishe maji. Mulime chini, jembe lizame santimetri 30 hivi, na kuondoa mawe, sababu muzizi utashuka. Kwa bustani ya mita 3 kwa 3, ndoo 2 za mbolea ya mbuzi ao ya ng'ombe iliyooza vizuri zinatosha. Mbolea mbichi ni mbaya: inaleta majani mengi na muti laini unaoanguka. Pale udongo uko mwekundu na muchungu, pahali hata maharagi yanageuka manjano, munyunyize majivu ya jikoni na kuyachanganya na udongo majuma mawili mbele ya kupanda. Yule mama hakujua kama majivu yake yalikuwa dawa ya udongo.

KUPANDA

Muvute kamba. Mustari na mustari, santimetri 50. Shimo na shimo, santimetri 30. Mu bustani ya mita 3 kwa 3 mutapata mistari 6 ya mashimo 10: miti 60. Kila shimo liwe na kina cha santimetri 2 ao 3, sawa kiungo cha kwanza cha kidole. Mutie mbegu 2, mufunike, mukandamize polepole kwa kiganja, kisha maji.

Pandeni yote siku moja, ndani ya kipande kimoja cha pembe nne, si mustari mumoja murefu kando ya uzio. Miti ikifungua maua pamoja na karibu karibu, nyuki wanabeba unga toka huu kwenda ule.

Majirani wa kwanza wa mbegu ni panya, kuku na ndege. Mufunike bustani na matawi ya miiba mupaka majani yatokee. Kwa kawaida zinaota kati ya siku 5 na 10. Mu baridi zinaweza kuchelewa mupaka majuma mawili, musifukue juu ya kuangalia.

Miche ikiwa na majani 4 ya kweli, mubakishe mumoja kwa kila shimo, ule wenye nguvu. Wa pili musiung'oe: muukate kwa kisu usawa wa udongo. Ukiung'oa unatingisha muzizi wa mwenzake. Tunajua kukata muche wenye afya kunauma moyo. Lakini miti 2 mu shimo moja itagawana chakula cha mumoja, na mutavuna vichwa 2 vya bure.

Na kama mutu analazimika kulea miche, juu ya kuku wengi ao mvua kali? Asitumie kitalu. Atengeneze vikombe vya majani ya mugomba, virefu kama mukono wa kikombe cha jembe unavyoshikwa, yaani santimetri 10 hivi, avijaze udongo na mbolea, mbegu moja kwa kila kikombe. Muche ukiwa na majani 2 ya kweli, mbele majuma matatu hayajapita, anauzika pamoja na kikombe chake bila kugusa muzizi.

KAZI YA KATIKATI

Majuma sita ya kwanza njo yanaamua. Palizi mara mbili: ya kwanza wakati wa kupunguza miche, ya pili wakati muti unafika kwa goti. Mu palizi ya pili mukusanyie udongo kwenye shina ili lisimame vizuri. Nyuma ya pale majani yenyewe yanafunika udongo na majani mabaya yanashindwa.

Maji: alizeti inavumilia kiangazi kifupi, kwa sababu ya ule muzizi. Lakini kuna wakati mumoja haivumilii: tangu kifundo cha ua kinaonekana mupaka mbegu zinajaa. Mvua ikikatika wakati ule, mumwagilie maji mengi mara mbili kwa juma. Hiyo inafaa kuliko maji kidogo kila jioni yanayobaki juu ya udongo.

NYUKI NJO WANAJAZA MBEGU

Tusome pahali hapa polepole, sababu hapa njo vichwa vyenu viliharibika.

Kile tunachoita ua la alizeti si ua moja. Ni mamia ya maua madogo yaliyokusanyika juu ya sahani moja, na kila moja linaweza kutoa mbegu moja. Yanafunguka kwa zamu, tangu pembeni kuelekea katikati, kwa siku 5 mupaka 10. Kila ua dogo linatoa kwanza unga wake wa manjano, kisha nyuma ya hapo linafungua sehemu yake ya kupokea. Kwa hiyo halijipi lenyewe kwa urahisi. Linangoja nyuki alete unga wa muti mwingine. Nyuki asipofika, ganda linakua, linapata rangi yake, lakini ndani hakuna moyo. Kwa macho ni mbegu, kwa meno ni hewa.

Basi sheria ni hii: tangu kifundo kinaanza kuonyesha manjano mupaka majani ya ua yakauke, hakuna dawa ya wadudu. Si juu ya alizeti tu, hata juu ya maharagi na nyanya zilizo pembeni yake. Viwavi muviokote kwa mukono asubuhi na mapema, kazi ya robo saa kwa miti 60. Kama shamba la jirani linapigwa dawa, muongee naye apige jioni, nyuki wakiisha kurudi.

Kama nyuki ni wachache kwenu, musaidie. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, mutwae kitambaa laini, mupapase kichwa kimoja polepole, kisha cha pili, cha tatu, mukirudi tena kwa cha kwanza. Mufanye hivyo kila siku mbili mupaka maua ya katikati yamefunguka. Watoto wanafanya kazi hii vizuri kuliko sisi, wana mikono miepesi.

NDEGE

Majani ya ua yakiisha kunyauka, nyuki wamemaliza. Sasa ndege wanaanza. Hapo njo wakati wa kufunika kila kichwa kwa kipande cha kikwembe kilichochakaa ao cha gunia la nyuzi, kilichofungwa kwa kamba nyuma ya shingo. Kitu kinachopitisha hewa. Saketi ya plastiki inakusanya jasho na kichwa kinaoza.

Mutu asifunike mbele ya wakati, atawafungia nyuki mulango. Na mutu asikate chandarua: kile kinachofaa ni cha watoto usiku, na kile kilichochakaa kinaweza bado kuwa na dawa inayoua nyuki.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Muangalie mugongo wa kichwa. Ukiwa kijani, bado. Ukiwa manjano kama limau iliyoiva, karibu. Ukianza kugeuka rangi ya kahawa, mukate, na kuacha shingo ya santimetri 30 ya kufungia. Kama ndege wamezidi ao mvua imerudi, munaweza kukata wakati wa manjano na kumalizia chini ya paa.

Mutundike vichwa, uso chini, pahali pa hewa na pasipo moshi mwingi, majuma mawili hivi. Kisha museguze viwili pamoja ao mupige kwa fimbo juu ya gunia. Mupepete, muanike mbegu juani siku 3 ao 4, mukigeuza. Mbegu iliyokauka inapasuka kwa meno kwa sauti, haikunjiki. Ikikunjika, mukiweka itaota ukungu. Mutunze ndani ya bidoni safi yenye kifuniko, pahali pa baridi, mbali na ukuta unaoloa.

MBEGU YA MWAKA UNAOFUATA

Alizeti inachanganyika haraka. Nyuki wanaleta unga toka mbali, kilometri na zaidi. Kama jirani analima ile ndefu, watoto wa ile fupi yenu wataanza kurefuka. Dawa yake ni hii: muchague miti 10 ao zaidi, mifupi, yenye afya na kichwa kizuri. Mbele maua hayajafunguka, muvifunike vichwa hivyo kwa kitambaa chepesi. Wakati wa maua, kila asubuhi muvifungue, mupapase toka hiki kwenda kile kwa kitambaa, kisha mufunike tena mbele nyuki hawajafika. Vile 10 ni vya mbegu, havikaangwi hata kidogo. Hii haifai kwa F1.

MAGONJWA

Munajua ule ukungu mweupe sawa pamba unaoshika shina la maharagi wakati wa mvua nyingi, unaoacha vijiwe vyeusi ndani. Unashika pia alizeti, shu na karoti, na vile vijiwe vinaishi miaka mingi mu udongo. Kama mulimuona mugonjwa huyo mu bustani yenu, musipande alizeti pale. Kwa kawaida musirudishe alizeti pahali pamoja mbele ya miaka mitatu ao mine. Katikati mupande mahindi ao vitunguu. Muti mugonjwa unang'olewa na kuchomwa, hauingii mu kompositi.

MASWALI TULIYOPOKEA

Tunaweza kuipanda kati ya mahindi? Hapana. Ile fupi itakosa jua. Muiweke upande wa mashariki wa mahindi, si ndani yake.

Sina parseli, niko na ukumbi tu. Beseni ao bidoni iliyokatwa inafaa, kama iko na kina cha santimetri 30 na matundu chini. Muti mumoja kwa bidoni ya litri 20 iliyokatwa mudomo. Maji karibu kila siku, sababu muzizi hauna pahali pa kushuka.

Shina tulifanye nini? Likikauka ni kuni za kuwashia moto, na majivu yanarudi shambani. Musiliache limelala mu bustani pahali mutakapomwaga mbegu ndogo za lengalenga: mabaki ya alizeti yanaweza kuzuia mbegu ndogo kuota.

TUNAWAOMBA NINI

Musimu huu hatutagawa mbegu kwa mashamba makubwa. Kila ushirika utapata mbegu za kujaribu mu bustani chache za mita 3 kwa 3, na hakuna mwanamemba atakayeombwa kung'oa maharagi yake. Wale watakaojaribu waandike mambo matatu: siku ya kupanda, siku ua la kwanza limefunguka, na uzito wa mbegu kavu. Wakati wa mukutano wa mavuno, kila mumoja alete kichwa kimoja. Tutapasua mbegu pale pale, mbele ya wote, kwa meno yetu.

Na yule mama wa kikwembe amekubali kuonyesha bustani yake kwa jirani zake. Alitupatia sharti moja: «Mbele ya kutuambia kitu, mukuje kwanza muangalie nyuma ya jikoni.» Tumekubali sharti hilo.

Kazi njema, na mvua ije kwa wakati wake.